Barua ya wazi kwa wakurugenzi na mameneja wa mauzo: Mfundisheni hesabu kabla ya kumpa targeti

Kwenu wakurugenzi, mameneja wa mauzo na maofisa rasilimali watu wa kampuni zinazosambaza bidhaa za madukani Tanzania,

YAH: MAFUNZO ELEKEZI KWA WAAJIRIWA WAPYA WA MAUZO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia nikiwa mtu aliyefanya mauzo ya mtaani Dar es Salaam kwa muda mrefu, kwanza nikizunguka mwenyewe na kitabu cha oda, baadaye nikisimamia vijana wanaotoka depo asubuhi na mzigo na kurudi jioni na fedha. Nimekaa kwenye kumbi zenu za mafunzo. Nimekaa pia kwenye madirisha ya mahesabu usiku, wakati ninyi mmeshafika nyumbani. Haya ninayoyaandika nimeyasema vikaoni, vikao vikafungwa na mambo yakabaki kama yalivyo. Sasa nayasema hadharani, kwa heshima zote, kwa sababu kila mwezi kuna kijana mwingine anaajiriwa, na kila mwezi kuna mwingine anaondoka na deni.

Utaratibu wenu naujua. Kijana akishapita usaili anaitwa ukumbini. Siku ya kwanza anaelezwa kampuni ilianzaje, nani mwanzilishi, matawi yako mikoa gani. Siku ya pili anaonyeshwa bidhaa moja baada ya nyingine, uzito wake, harufu yake, inashindana na ipi sokoni. Anakaririshwa hatua za ziara ya dukani: salamu, kukagua shelfu, kuchukua oda, kuaga. Siku ya tatu anakuja mhamasishaji, watu wanasimama, wanapiga makofi, wanaimba kauli mbiu. Jioni anakabidhiwa fulana, kofia, simu yenye programu ya oda, na namba moja kubwa: targeti yake ya mwezi. Kesho yake yuko Mbagala na gari lenye mzigo wa karibu milioni moja na nusu, na hesabu ya mzigo ule hajui inafungwaje.

Sipingi kumfundisha mtu bidhaa. Lazima aijue, na lazima aipende. Lakini katika miaka yangu yote sijamwona kijana aliyefukuzwa kwa kutojua sabuni inatoa povu kiasi gani. Niliowaona wakiondoka waliondoka kwa shoti, yaani upungufu kwenye hesabu ya jioni, kwa mali kauli, yaani mzigo wa mkopo, isiyolipwa, na kwa makaratasi ambayo hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha yanajazwaje. Hayo ndiyo yanayowaangusha, na hayo ndiyo hayamo kwenye mafunzo yenu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe mnampa, tena mapema. Mpaka wa shamba hamumwonyeshi.

Naomba niwapeleke depo jioni moja tu.

Kijana yuko mwezi wake wa kwanza. Asubuhi ametoka na katoni 60 za sabuni, kila katoni Sh24,000. Jioni anasimama dirishani. Ndani ya gari zimebaki katoni 4. Ameuza 41 kwa fedha taslimu. Ametoa 9 kwa mkopo, na kila aliyekopa amesaini. Ametoa 4 za promosheni, maana wiki hiyo anayenunua kumi anaongezewa moja. Na katoni 2 amebadilisha kwa Mangi mmoja, mwenye duka ambaye sabuni zake ziliingiwa na maji ya mvua: akachukua zilizoharibika, akamwachia nzima. Jumlisheni wenyewe, ni 60 kamili. Mkononi ana Sh984,000, sawasawa na bei ya katoni 41. Hakuna hata shilingi iliyopotea.

Lakini kompyuta ya depo haitazami gari, inatazama karatasi. Katoni moja ya promosheni haina saini, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameenda kuswali na aliyeupokea mzigo ni mdogo wake. Katoni moja iliyoloa haina fomu ya marejesho, kwa sababu duka lilikuwa limejaa wateja na kijana akaona haya kumsumbua Mangi na karatasi. Mtunza stoo anaiona katoni iko mbele yake, imeloa, imechanika pembeni, anasema bila fomu hana pa kuiingiza. Basi kompyuta inahesabu hivi: 60, toa 4 zilizobaki, toa 9 za mkopo, toa 3 za promosheni, toa 1 ya marejesho. Inadai katoni 43, ambazo ni Sh1,032,000. Shoti ni Sh48,000. Kijana anapewa kalamu, anasaini kwamba anadaiwa.

Mshahara wake ni Sh300,000 kwa mwezi. Shoti za namna hiyo zikimkuta mara tatu, Sh144,000 zimeondoka, karibu nusu ya mshahara, na hajaiba kitu. Kilichompeleka huko ni saini moja na fomu moja. Alasiri moja ya mafunzo ingetosha: mnaweka meza, mnaleta fomu halisi za depo yenu, mnampa mzigo wa mfano wenye promosheni ndani, wenye marejesho, wenye mkopo, kisha mnamwambia funga hesabu. Akikosea, mnamwonyesha kosa liko mstari gani. Anarudia mpaka hesabu inafunga. Wenzetu wa benki hawamkalishi mtu dirishani kabla hajajua kufunga hesabu ya siku. Kwa nini wa kwetu wapelekwe Tandika na mzigo wa mamilioni wakiwa hawajui?

Na jambo baya zaidi linaanzia hapo kwenye shoti. Kijana hana Sh48,000 ya kulipa. Kesho yake anapita kwa mwenye duka aliyekopa wiki iliyopita, analipwa deni, fedha ile anaipeleka dirishani kuziba pengo la jana. Daftari la wadaiwa sasa linasema duka lile bado linadaiwa, kumbe limeshalipa. Wiki inayofuata anachukua malipo ya duka la pili kufidia la kwanza. Halafu la tatu kufidia la pili. Kila mzunguko pengo linakua, kwa sababu shoti mpya zinaendelea kuingia. Siku mkaguzi anapopita madukani na daftari mkononi, mwenye duka anamtolea karatasi ya malipo, na hapo jambo limeshabadilika jina. Linaitwa wizi. Kijana anapelekwa polisi. Nimeshuhudia wazazi wakiuza mali kijijini ili mtoto atoke, na nilipofuatilia mnyororo ule mpaka mwanzo wake, nilikuta promosheni isiyosainiwa.

Sisemi hakuna wezi. Wapo, na wana mbinu zao. Nasema mnao vijana waaminifu ambao mnawageuza washtakiwa kwa kutowaambia mapema sentensi mbili: ukipata shoti, iseme siku hiyohiyo, na fedha ya deni la duka haizibi pengo lolote, hata kwa usiku mmoja. Sentensi hizo mbili zisemwe siku ya kwanza, zirudiwe siku ya mwisho, na msimamizi awe mtu ambaye kijana anaweza kumwendea na shoti bila kutukanwa. Hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Kijana anayeogopa kutukanwa mbele ya wenzake kwenye kikao cha asubuhi ataficha, na kinachofichwa kinakua.

Nije kwenye mali kauli. Wengi wenu mmeandika kwenye sera kwamba wauzaji wapya hawaruhusiwi kukopesha. Kisha mnawapa targeti ambayo bila kukopesha haifikiki, na msimamizi anapiga simu saa tisa alasiri kuuliza umefikia ngapi. Kijana yuko Buguruni, mwenye duka anamwambia, "Mdogo wangu, niachie katoni tano, Jumamosi pitia hela yako." Atafanya nini? Ataacha. Jumamosi atapita, atakuta fremu imefungwa, au atakuta mtu mwingine kabisa amepanga pale na anauza vocha.

Kukopesha ni kazi yenye maarifa yake, na wakongwe wenu wanayo. Wanajua kuuliza amekaa kwenye fremu ile tangu lini, kodi yake inaisha mwezi gani, na anayeuza ni mwenye duka au ameajiriwa. Wanamuuliza jirani anayeuza nafaka. Wanatazama shelfu: duka ambalo mzigo wake unapungua kila wiki bila kuongezwa linaelekea kufungwa. Wanaanza na katoni moja, ikilipwa kwa wakati wanapanda hadi mbili. Wanamtaka anayekopa aandike jina lake na namba yake kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe ya kulipa iandikwe tarehe, si "wiki ijayo". Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe lina namna ya kuandikwa. Haya yote yako kwenye vichwa vya watu wenu wa ruti. Hayajawahi kuingia kwenye slaidi.

Nikitaja slaidi, naomba niliseme na hili. Slaidi ni za Kiingereza, fomu ya marejesho ni ya Kiingereza, mkataba ni wa Kiingereza, na biashara yote kuanzia depo mpaka dukani inafanyika kwa Kiswahili. Mtu wa mwisho kusaini ile fomu ni mama wa duka la Keko. Iandikeni kwa lugha anayoisoma. Gharama yake ni ya kuchapa upya vitabu vya fomu, basi.

Kuna pia mwisho wa mwezi. Tarehe 28, targeti haijafika, kijana anakimbilia duka la jumla Kariakoo. Mwenye duka anajua kalenda yenu kuliko ninyi. Anamwambia nitachukua katoni mia, lakini kwa bei yangu. Kijana anauza chini ya bei, tofauti anaijazia kwa kamisheni ambayo bado hajalipwa. Targeti inafika, mnampigia makofi. Wiki mbili baadaye mzigo ule uko Manzese unauzwa kwa bei ya chini kuliko anayouza kijana mwingine wa kampuni hiyohiyo, wateja wake wanamwuliza kwa nini anawaibia, na ruti ya Manzese imekufa. Miezi michache mbele, mzigo uliosukumwa kwa nguvu unarudi ukiwa umekwisha muda. Muuzaji mpya akifundishwa mzunguko huu kwa mfano mmoja wa kweli kutoka kwenye vitabu vyenu, ataelewa kwamba kusukuma mzigo si kuuza. Lakini mfano huo unawahusu na mameneja, na labda ndiyo maana hautolewi.

Kuhusu risiti nitasema kifupi, maana mnajua. Mashine za EFD, zile za risiti za kielektroniki, zilianza kutumika nchini 2010, na mpaka leo muuzaji mpya anaambiwa dukani nipe bila risiti unipunguzie, au andika kidogo tu. Anaombwa na mteja anayemzidi umri, aliyemwita mwanangu, na pembeni yake targeti inamsubiri. Anayeombwa hivyo lazima awe ameshaambiwa na kampuni, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba kutotoa risiti ni kosa la kisheria, na kwamba kampuni iko radhi ikose oda ile. Kama kampuni haiko radhi, basi ikae kimya, lakini isije kumruka siku watu wa mapato, TRA, wakisimamisha gari.

Na simu mliyompa imejaa majina na namba za wenye maduka, nyingine na picha za vitambulisho vyao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwambieni kwamba orodha ile haitumwi kwenye kundi la WhatsApp wala haihami naye akihama kampuni.

Sasa haki zake. Hapa najua baadhi yenu mtakunja uso, lakini mafunzo elekezi yasiyomwambia mfanyakazi haki zake yana upungufu mkubwa, na sheria yenyewe iko upande wangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara, ila kwa masharti. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Aandikiwe chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote yasivuke robo ya mshahara wake wa fedha. Rudini sasa kwa yule kijana wa katoni 60. Hasara halisi ya kampuni usiku ule ilikuwa nini? Katoni iliyoloa iko stoo, imeguswa na kuonekana. Katoni ya promosheni iko dukani, na simu moja kwa mwenye duka ingethibitisha. Aliandikiwa hesabu ya deni? Alipewa nafasi ya kupinga? Alipewa kalamu. Na robo ya Sh300,000 ni Sh75,000, kwa hiyo hata kama shoti zote tatu zingekuwa halali, Sh144,000 kukatwa mwezi mmoja ni kuvunja sheria.

Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinaeleza pia kipindi cha majaribio ni cha nini. Mwajiri anatakiwa kumfuatilia na kumtathmini mwajiriwa, kukutana naye mara kwa mara kuzungumzia tathmini hiyo, na kumwelekeza panapohitajika, na kuelekeza huko kunaweza kuwa maelekezo, mafunzo au ushauri. Kwa hiyo ninachoomba hapa si hisani. Mmeshaagizwa. Wengi wenu mmelichukua neno majaribio kumaanisha kwamba kijana ajaribiwe na mtaa, akinusurika abaki.

Halafu kumbukeni kwamba sheria hiyohiyo, jinsi ilivyotungwa, haikumpa mwenye chini ya miezi sita kazini ile kinga ya kuachishwa isivyo haki waliyonayo wenzake. Maana yake ni kwamba muda ambao kijana hajui kitu ndio muda ambao hana pa kushika. Kampuni yenye watu wenye utu itautumia muda huo kumfundisha kwa bidii zaidi. Nimeona kampuni zinazoutumia kubadilisha vijana kila miezi mitano, wengine wanaingia, wengine wanatoka, targeti inasonga mbele kwa nguvu za wageni. Hilo linaniumiza, na sitaliremba.

Mabinti wanahitaji kusemewa peke yao. Mlianza kuajiri wasichana wengi kwenye mauzo ya mtaani, jambo zuri, na wengi wao wanafunga hesabu vizuri kuliko sisi wanaume. Lakini ukumbini hakuna anayewaambia watafanya nini mwenye duka la jumla akisema oda ipo, njoo jioni tukae tuizungumze. Hawaambiwi wampigie nani. Hawaambiwi kwamba wakiikataa ile oda, targeti yao itapunguzwa kiasi hicho na hakuna atakayewauliza. Sheria ya 2004 inahesabu unyanyasaji kazini kuwa aina ya ubaguzi na inaukataza. Meneja wa mauzo asimame mwenyewe siku ya kwanza, mbele ya wasichana na wavulana, aseme: mteja wa namna hiyo tunamwacha, hata akiwa mkubwa kuliko wote kwenye ruti. Aseme na jina la mtu wa kupigiwa simu. Ni dakika tano, na dakika hizo zinabadilisha jinsi binti anavyoingia kwenye lile duka.

Usalama wa fedha nao mnaupita juu juu. Kijana anatembea na karibu milioni moja kwenye begi lenye nembo ya kampuni, saa moja jioni, na kila mtu kituoni anajua begi lile lina nini. Wafundisheni kuweka fedha kwa wakala mchana, kuwahimiza wateja watumie lipa namba, kubadilisha saa na njia. Na wanaotumia pikipiki waambiwe kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo na ulianza kazi 2015, kwamba ajali ya kazini inaripotiwa kwa mwajiri haraka, na kwamba kuificha ili usionekane mzembe kunakugharimu matibabu yako mwenyewe.

Ninachowaomba mfanye kinaanzia kwa wakongwe wenu.

Mafunzo ya kweli ya kazi hii hayatolewi ukumbini. Yanatolewa ndani ya ruti, kijana akiwa pembeni ya mtu anayeijua. Mnalijua hilo, ndiyo maana mnasema "ataongozana na mwenzake siku mbili." Lakini mtazameni huyo mwenzake. Naye ana targeti. Akisimama kueleza kwa nini duka hili halikopeshwi, amepoteza maduka matatu ya asubuhi. Tena anajua kwamba ruti hugawanywa. Huyu anayemfundisha leo anaweza kupewa nusu ya wateja wake mwezi ujao. Kwa hiyo anamkalisha kijana mbele ya gari, anazungumza naye mpira, wateja wazuri anawapita. Simlaumu. Mmemwomba afundishe kwa kukata kamisheni yake mwenyewe.

Mlipeni. Mkongwe anayeongozana na mgeni apunguziwe targeti kwa wiki hizo, alipwe posho ya ufundishaji, na aandikiwe barua kwamba ruti yake haitaguswa kwa sababu ya kufundisha. Kisha mpeni nyongeza mgeni wake akifikisha miezi mitatu na daftari safi. Mtashangaa jinsi siri za ruti zitakavyoanza kutoka. Wiki mbili za kuongozana hivyo zina thamani kuliko wahamasishaji wote mnaowakodi. Wiki ya kwanza kijana atazame na kuandika, ya pili auze yeye na mkongwe atazame, na kila jioni wafunge hesabu pamoja dirishani.

Mwezi wa kwanza msimpe targeti ya shilingi. Mpeni idadi ya maduka ya kutembelea na mtake hesabu yake ifunge kila siku. Targeti ya shilingi ianze mwezi wa pili, ndogo, mwezi wa tatu ipande. Na siku ya kwanza kabisa apewe karatasi moja ya Kiswahili inayosema: mshahara wako ni huu, kamisheni inakokotolewa hivi, inalipwa tarehe hii, shoti inashughulikiwa hivi, deni la mteja ni la kampuni au ni lako. Hilo la mwisho liandikwe kwa herufi nzito. Nimekutana na vijana waliokaa kazini nusu mwaka hawajui jibu lake.

Mtaniambia gharama. Mzigo unaorudi umekwisha muda mnaulipia. Madeni yaliyofutwa mnayalipia. Matangazo ya kazi, usaili, fulana mpya kila baada ya miezi mitano, yote mnayalipia, ila yamesambaa kwenye mistari tofauti ya bajeti kwa hiyo hakuna anayeyaona pamoja. Wenye wafanyakazi kumi na kuendelea mnalipa pia tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kuanzia Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Ile nusu asilimia iliyobaki mfukoni mwenu ielekezeni kwa wakongwe ninaowasema.

Mtaniambia tukiwafundisha wanahama. Wengine watahama. Lakini waulizeni wanaohama. Niliozungumza nao hawakuondoka kwa kuwa walijua sana. Waliondoka kwa makato wasiyoyaelewa na kwa kutukanwa kwenye kikao cha asubuhi.

Mtaniambia mauzo ni kipaji, mtu anazaliwa nacho. Maneno mazuri mtu anaweza kuzaliwa nayo. Hakuna aliyezaliwa anajua kujaza fomu ya marejesho.

Kabla ya kundi lenu lijalo la waajiriwa, naomba kila mkurugenzi anayesoma barua hii afanye mambo mawili. La kwanza, aagize faili la shoti za miezi sita iliyopita, achague za watu wenye chini ya miezi mitatu kazini, na akae na mtu wa mahesabu waipitie kila moja: ngapi ni fedha iliyopotea kweli, na ngapi ni saini, fomu na promosheni. Zile za karatasi, waliokatwa warudishiwe fedha zao, wakiwemo walioshaondoka. Namba zao za simu mnazo. La pili, aende depo jioni bila kutangaza, akae upande wa ndani wa dirisha mpaka gari la mwisho lifunge hesabu, na amsikilize msimamizi wake anavyozungumza na kijana mwenye upungufu.

Atakayependa kuandaa upya mafunzo yake, mimi niko tayari kuja kukaa na wakongwe wake tuandike mifano kutoka kwenye ruti zao wenyewe. Sitadai malipo kwa kazi hiyo. Nitaomba tu fomu halisi za depo, meza ndefu, na vijana wapya wawepo chumbani tangu mwanzo.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa zamani wa mauzo ya mtaani
Dar es Salaam